Tulivyomfuata Shamsa Mombasa

Tangu turudi, hakuna aliyepita barazani kwetu bila kuuliza. Wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima wameuliza, mashoga zangu wa Tongoni wameuliza, hata wifi yangu wa Makorora, ambaye nusu ya mambo aliyaona mwenyewe, anataka nusu iliyobaki. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo vimekutana njiani vikazaa hadithi nisiyoijua. Juzi nimesikia kwamba tulifungwa Lungalunga na kwamba mtoto tulimwokota sokoni. Basi nimekaa kuandika, ili atakayeuliza tena nimpe karatasi asome.

Ya kadhi, ya ustawi wa jamii na ya picha za pasi siyaandiki. Yalituchosha sana na hayana ladha. Itoshe kujua kwamba mimi na mume wangu Hatibu, fundi seremala, tumeoana siku nyingi na Mungu hakutujalia mtoto. Maalim mmoja aliyewahi kusomesha chuoni hapa Kigombe alihamia Mombasa zamani. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena, akatuletea habari ya mtoto wa kike aliyefiwa na mama, baba hajulikani alipo, anayelelewa kwenye nyumba ya mayatima huko. Tukaitikia. Jina lake Shamsa. Picha hatukuwa nayo. Tuliambiwa tu kwamba ameanza kung'oka meno ya mbele.

Kigombe hadi Makorora

Nilidhani tutakwenda wawili. Asubuhi ya kuondoka tulimkuta mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, mama yake Hatibu, amekaa kizingitini na buibui lake, kikapu miguuni.

"Mama, safari ni ndefu," Hatibu akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimewahi."

"Na magoti?"

"Magoti nakwenda nayo." Akajifunga ushungi vizuri. "Mtoto hana mama, hana baba, halafu na bibi naye amngoje amekaa? Haiwi."

Hatibu alinitazama, nami nikachukua kikapu. Mavyaa wangu akishasema haiwi, haiwi.

Basi la kutoka Pangani halikuja. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: wiki hii hakuna dizeli, wiki ijayo kuna dizeli lakini hakuna tairi. Tulipata lori lililopakia marobota ya mkonge. Bi Mwanakombo akakaa mbele na dereva, sisi tukapanda juu ya mzigo, na nyuzi za mkonge zikatuchoma hata kupitia nguo. Kabla ya kufika mbali tairi ikapasuka. Dereva, kijana wa Kibondei mpole sana, akaenda kwa miguu hadi kwenye shamba la mkonge kuazima pampu, nasi tukabaki kwenye kivuli cha lori.

Njaa ilinishika. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu, nilijua ndani mna mkate wa kumimina.

"Huo wa mtoto," akasema Bi Mwanakombo.

"Mkate utafika Mombasa umechacha, mama."

"Utachacha ukiwa wa mtoto."

Dereva aliporudi anatiririka jasho, Bi Mwanakombo akafungua kikapu bila kuombwa akamkatia kipande kikubwa. Mimi na Hatibu tulikula muhogo wa kuchoma aliotupa dereva.

Makorora, tukingoja

Tanga mjini tulifikia kwa wifi yangu Mwanaidi. Alitupokea vizuri, akatupikia bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, akaomba radhi kwa chai isiyo na sukari. Vyombo siku hizo alikuwa akiosha kwa majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ilikuwa haionekani. Nami nikamwonyesha gauni nililomshonea mtoto. Kitambaa dukani hakikuwepo, kwa hiyo nilikata khanga yangu ya harusi, nikaupeleka mji wake kifuani na pindo chini. Mwanaidi aliligeuza geuza, akalikunja polepole.

"Wifi, niseme?"

"Sema."

"Watu wenye watoto wao hawana cha kuwapa. Nyinyi mnavuka mpaka kwenda kuongeza mdomo. Tena mtoto wa watu. Akikua atauliza kwao, atakwenda zake."

Bi Mwanakombo alikuwa amelala kitandani anakandwa magoti, nami nilidhani amesinzia. Akasema bila kufungua macho, "Na wewe niliyekuzaa mwenyewe, ulipokua hukwenda zako?"

Mwanaidi akacheka, na maneno yakaishia hapo. Lakini usiku huo nililala nayo.

Kwa Bi Rukia, msimamizi wa ile nyumba ya mayatima, tulikuwa tumepeleka habari kwamba tungefika Ijumaa. Basi la Horohoro, mpakani, lilikuwa limekufa giaboksi. Kila asubuhi tulikwenda stendi, na kila asubuhi utingo alituambia kifaa kinatoka Mombo, kesho inshallah. Ijumaa ilitukuta Makorora. Hatibu alikwenda kuswali, mimi nikakuna nazi za wifi, tukacheka na majirani. Sikujua siku ile inapitaje huko Mombasa. Ningejua, ningekwenda kwa miguu.

Barabara ya Horohoro

Tuliondoka Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa tope tupu. Zaidi ya nusu ya abiria walikuwa wanawake wenye vikapu vitupu, na ukiona mtu anasafiri na kikapu kitupu kwenda mpakani huhitaji kuuliza anafuata nini. Karibu nami alikaa mama mmoja wa Mabawa, jina lake Chausiku, mcheshi, mwenye sauti ya kuita kuku.

"Nyinyi mnaleta nini?" akaniuliza.

"Mtoto."

Akanitazama, kisha akatazama buibui la mavyaa wangu. "Hadithi nzuri hiyo. Mimi safari iliyopita nilisema nakwenda matangani."

"Ni kweli, dada. Tunakwenda kumchukua mtoto tumlee."

"Naam, naam. Na bibi wa kutia huruma mmemchukua. Mna akili nyinyi." Akaniinamia sikioni. "Sabuni msinunue Lungalunga. Nunueni Ukunda."

Nilirudia kumweleza mpaka nikachoka. Kila nilivyoapa, alizidi kunisifu.

Baada ya Duga basi lilizama. Wanaume walisukuma, wanawake tukakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, na Bi Mwanakombo alishuka akasimama pembeni na viatu mkononi akiwaelekeza watu wasiomjua wakanyage wapi. Halikutoka. Tukalala kijijini, kwa Mdigo mmoja mzee na mkewe, waliotutandikia mkeka na kutupa uji wa mtama. Mkewe alipouliza safari yetu nikamweleza, nikingoja naye acheke. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na shanga nyembamba za kiunoni, za rangi ya samawati. "Zilikuwa za binti yangu," akasema. "Mvalishe." Hakusema binti yuko wapi, nami sikumwuliza.

Asubuhi trekta la mtu fulani lilikuja kulivuta basi.

Lungalunga hadi Likoni

Horohoro tulivuka bila shida. Hatukuwa na kitu cha kukaguliwa isipokuwa gauni moja, shanga na mkate, ambao askari aliunusa akaurudisha upesi.

Upande wa pili lami ilianza, na basi lilikwenda bila kutetemeka mpaka Bi Mwanakombo akauliza kama limesimama. Ukunda tulishuka kunyoosha miguu. Kwenye duka dogo tu, la mtu wa kawaida, sabuni za mche zilikuwa zimepangwa kama matofali, na mafuta ya kupikia, na mikate imejaa kabati la kioo. Chausiku alikuwa ameshaanza kupatana bei. Mavyaa wangu alisimama mlangoni muda mrefu.

"Saumu," akaniita. "Huyu mtoto anakula mikate hii?"

"Labda, mama."

"Nasi tunampeleka kwenye uji usio na sukari."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisitasita. Hatibu, ambaye kwa siku hupima maneno kama apimavyo mbao, ndiye aliyejibu. "Mikate anayo, mama. Hana watu."

Tukarudi garini. Likoni tulivuka kwa feri tukiwa tumesimama, nimeshika kikapu kwa mikono miwili.

Mombasa

Tuliambiwa nyumba ina mlango wa kijani karibu na msikiti. Mombasa milango ya kijani ni mingi na misikiti haihesabiki. Tulibisha mahali pawili tukakaribishwa kahawa, na pa tatu ndipo.

Bi Rukia ni mtu mzima, mnene, mchangamfu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku ananivuta ndani. "Mmekawia," akasema. "Tulikungojeni Ijumaa." Kisha akaita ghorofani, "Shamsa! Njoo, mamako amefika."

Nilisikia miguu ikishuka ngazi mbio. Miguu ikapunguza mwendo, ikasimama. Mtoto mwembamba, nywele hazijachanwa, alishikilia ukuta kwa mkono mmoja. Akanitazama usoni. Akamtazama Bi Mwanakombo, akanitazama tena.

"Siye," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Shamsa, mwamkie mamako," akasema Bi Rukia.

"Siye. Mama hakuya."

Mama yake alikuwa mtu wa Lamu, na kwao kuja ni kuya. Nilimfahamu vizuri mno. Akageuka akapanda ngazi polepole, ngazi moja moja.

Nilimwuliza Bi Rukia mtoto ameambiwa nini. Akaona haya kidogo. Mama alipofariki, mtoto alikuwa kwa jirani. Alipoletwa pale walimwambia mama amesafiri. Sisi tulipopatikana, wakamwambia mama anakuja Ijumaa. "Tulidhani atakuzoea tu. Watoto husahau."

Ijumaa Shamsa alioga mwenyewe, akachanwa, akakaa kizingitini na furushi lake la nguo mapajani. Chakula cha mchana alikikataa, asije mama akamkuta ndani. Jumamosi alikaa tena. Jumapili, siku tuliyofika, alikataa kuchanwa.

Nilikaa chini. Bi Rukia akadhani nimechoka akaniletea maji.

"Lazima aambiwe," nikasema.

"Si leo. Utamvunja siku ya kwanza. Mchukueni, akishazoea huko mwambieni polepole."

Hatibu alikuwa anatazama vidole vyake. Bi Mwanakombo akavua ushungi, akajipepea nao. "Ukimchukua na uwongo," akaniambia, "itabidi uulishe kila siku. Unacho chakula hicho?"

"Sina, mama."

"Basi panda."

Bi Rukia hakupenda, na siku ile hakunisemesha tena. Simlaumu. Alikuwa na watoto wengi wa kufariji na usingizi mchache.

Shamsa alikuwa amekaa sakafuni karibu na dirisha. Nikakaa mbali naye kidogo, nisimzibie njia ya kutokea.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Mimi siye. Mimi naitwa Saumu, natoka Kigombe, upande wa Tanga. Mama yako hakusafiri, Shamsa. Aliugua, akafa. Angekuwa hai angekuja mwenyewe, asingetuma mtu."

Alitazama magoti yake. Nilingoja kilio, hakikuja.

"Nani alimuosha?" akauliza.

Kwa yote niliyokuwa nimejiandaa nayo, hilo halikuwemo. "Sijui," nikasema. "Nitauliza."

Akalala akaelekea ukutani. Mchana ule hakula, na jioni hakula. Nilikaa pale pale. Bi Mwanakombo alipanda kwa kushikilia ukuta, goti moja baada ya jingine, akaufungua ule mkate akauweka kwenye sahani karibu na kichwa cha mtoto, akashuka. Mkate ulilala hivyo hivyo.

Aliyemuosha

Tulikuwa tumekusudia kulala mara moja na kurudi. Hatibu aliamka mapema akamwuliza Bi Rukia mtoto alikuwa akikaa mtaa gani na mama yake, akatoka. Mombasa hakuwa akiijua hata kidogo. Alikwenda akiuliza, nyumba hata nyumba, kwa mafundi wenzake anaowakuta na randa mkononi, maana fundi akiulizwa na fundi hujibu. Alirudi baada ya adhuhuri na mwanamke mrefu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, anaitwa Bi Maryamu. Ndiye jirani aliyekuwa na mtoto siku ya msiba.

Shamsa alimtambua. Hakumkimbilia, lakini aliketi.

"Bi Saumu ameniita uniulize," akasema Bi Maryamu.

"Nani alimuosha mama?"

"Mimi, na Mama Salma wa chini. Tulimuosha vizuri. Nywele nikamsuka mwenyewe."

"Mafuta mulimtia?"

"Tulimtia, na manukato pia."

Mtoto alifikiri. "Alisemaje kabla?"

Bi Maryamu alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. "Alikuuliza wewe. Alisema, mwanangu amekula? Nikamwambia amekula, yuko kwangu, anacheza. Akasema alhamdulillahi. Hakusema jingine."

Kisha Shamsa akanyoosha mkono, akavuta ile sahani, akala mkate wa kumimina. Ulikuwa umechacha kweli. Aliula wote, na huku anakula ndipo machozi yalipoanza kushuka. Hakuacha kutafuna. Mimi nilitoka nikaenda kusimama ngazini.

Siku iliyofuata Bi Maryamu alitupeleka makaburini. Kaburi halina jina, lina jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni. Majani yalikuwa yamelifunika. Bi Mwanakombo alisoma Yasini kwa moyo, amesimama, maana kukaa chini kungemlazimu mtu kumwinua. Shamsa alisimama mbali. Hatibu alichuchumaa akaanza kung'oa majani, bila kumwita mtu. Aling'oa upande wa kichwani. Baada ya kitambo mtoto akachuchumaa upande wa miguuni, naye akang'oa. Walikutana katikati. Wakati wa kurudi alikuwa ameshika kidole cha Hatibu.

Wivu ulinishika, nasema kweli. Mimi ndiye niliyemwambia habari ile nzito, na kidole alichoshika si changu. Bi Mwanakombo aliniona. "Mwanangu," akasema, "kulea mimba si kazi. Kazi ndiyo hiyo umeianza juzi. Tembea."

Chakula cha asubuhi

Tulikaa kwa Bi Rukia siku chache zaidi, mpaka mtoto akubali mwenyewe kuondoka. Hapo ndipo lilipotokea la mayai, ambalo wifi yangu analisimulia kwa kulitia chumvi.

Asubuhi moja Shamsa alimwambia Bi Mwanakombo, "Bibi, nataka mai." Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba kitu. Mavyaa wangu, aliyekuwa ameapa kwamba hatashuka ngazi zile zaidi ya mara moja kwa siku, alishuka, akavuka barabara, akaenda kwa mwuza duka, akarudi na yai moja, akalichemsha kwenye jiko la Bi Rukia, akalimenya, akampelekea limepoa. Mtoto akalitazama lile yai. Akalila, kwa adabu. Kisha akasema tena, sauti imekauka, "Bibi, nataka mai."

"Mtoto huyu anapenda mayai," Bi Mwanakombo akaniambia, tayari anatafuta viatu.

Bi Rukia alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Maji, bibi! Watu wa Lamu maji huyaita mai. Mtoto ana kiu!"

Shamsa alitazama uso wa Bi Mwanakombo, na wote wawili wakaanza kucheka, mmoja hana meno ya mbele na mwingine hana ya nyuma. Bi Rukia akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniita nikae nile naye. Siku hiyo Shamsa alinipa chanuo nimchane. Nikamvalisha zile shanga za samawati, nikamvika gauni la khanga. Lilimpwaya mabegani. Akasema litamfaa akikua.

Mpakani tena

Lungalunga tulimkuta Chausiku kwenye foleni, vikapu vimejaa. Alipomwona Shamsa macho yalimtoka. "Kumbe kweli?" Akamkagua toka kichwani mpaka miguuni, akatoa mche wa sabuni kwenye kikapu chake. "Mtie huu kwenye furushi la nguo zake. Mtoto hakaguliwi."

"La, dada," nikasema. "Huyu hapitishi kitu."

Alinuna kidogo, lakini alikubali.

Horohoro askari wa zamu hakuwa yule wa mwanzo. Alikuwa kijana mwenye uso mkavu, na karatasi zetu alizishika kwa ncha za vidole. Alisema siku zile watu walikuwa wakivusha watoto wa wenzao ili wapate kupita na mizigo kama familia. Akatutoa kwenye foleni.

Chausiku, Mungu amjalie, alitaka kutusaidia. Akapaza sauti toka nyuma, "Afande, waache watu wema hao! Nilikwenda nao mwenyewe, walikuwa hawana hata mtoto!"

Foleni nzima iligeuka kututazama. Askari aliziweka karatasi mezani. Hatibu alianza kueleza, akaambiwa angoje. Bi Mwanakombo alitaka kusimama, akaambiwa akae. Nami nikaambiwa nisogee nyuma, nimwache mtoto peke yake. Nilisogea. Nilijua akisema neno moja la hofu, tutarudishwa, na mtoto atakaa tena kwenye kizingiti kile.

Askari aliinama. "Unaitwa nani?"

"Shamsa."

"Yule mwanamke ni mama yako?"

Alinigeukia akanitazama. "La," akasema. "Yule ni Bi Saumu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Makaburini. Tulikwenda, tukang'oa majani."

"Nani alikupeleka?"

"Hao wote. Yule bibi alisoma Yasini."

Askari alimtazama Bi Mwanakombo. "Na sasa wanakupeleka wapi? Umeambiwa?"

"Kwao, Kigombe. Baba Hatibu atanitengezea kitanda. Mkate huko wanamimina." Akafikiri, akaongeza, "Sukari hakuna. Bibi ameshaniambia."

Watu kwenye foleni walicheka, na askari mwenyewe akaficha mdomo kwa mkono. Akazichukua karatasi, akazisoma tena, safari hii toka mwanzo hadi mwisho. Akapiga muhuri. "Sukari itakuja," akamwambia mtoto. "Piteni."

Hatukwenda mbali. Nilikaa kwenye jiwe nje ya kituo nikalia mbele za watu, mimi ambaye darasani huwaambia watu wazima wajikaze. Shamsa alisimama kando yangu na furushi lake. Hakunifuta machozi wala hakunikumbatia, alisimama tu karibu. Kwangu ilitosha.

Kigombe

Makorora tulilala mara moja tu. Wifi Mwanaidi alimtazama mtoto akila, akaingia chumbani, akatoka na sukari iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, akaimimina yote kwenye uji wake. Hakusema kitu kuhusu midomo.

Tumeshakaa hapa nyumbani muda sasa. Hatibu alitengeneza kitanda cha mvule, kikubwa mno, mtu mzima anaweza kukilalia. Mikate ya dukani mtoto ameiulizia, hasa asubuhi, na bado hatuna. Kuna siku huamka hataki mtu, akakaa nyuma ya nyumba na banzi anachora chini, nasi humwacha. Kuna siku huniita Bi Saumu, na siku nyingine haniiti kwa jina lolote, hunivuta khanga. Neno mama hajaniita, nami sijamwomba. Mnaoniuliza hilo kwa kunong'ona, jibu ndilo hilo, na msininong'onee tena.

Ila niwape la wiki iliyopita. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Uani Shamsa alikuwa anacheza kombolela na watoto wa jirani, na mmoja wao, mtoto wa Mwanahawa mwenye mdomo wa haraka, akamwambia, "Mama kasema yule si mama yako."

Mkono wangu ulisimama kwenye mbuzi.

"Najua," akasema Shamsa. "Mama yangu alikufa. Huyu ndiye aliyekuja." Kisha akasema, "Zamu yako kujificha, nenda."

Nikaendelea kukuna, maana watoto walikuwa wengi siku ile, na wote walikuwa hawajala.